Sikukutolea macho

Mwezi wa pili mwaka 2022 mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alikuja kuchukua gauni la harusi ya binti yake. Gauni lilikuwa tayari, limepigwa pasi, linaning'inia ukutani. Akanisalimu, nikamwitikia. Akasita pale mlangoni, halafu akasema, "Fundi, kama nimekukosea niambie. Mbona unanitolea macho hivyo?"

Nikamwambia, "Hujanikosea kitu, mama. Karibu ndani." Akalipa, akachukua gauni lake, akaondoka bila kulijaribu. Hajarudi tena mpaka leo. Kama unasoma hapa, mama yangu, wallahi sikukutolea macho. Yalikuwa yanatoka yenyewe, kwa ugonjwa wa tezi ya shingoni.

Nashona Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa kumi na sita huu. Nguo za kike, sare za shule, na kanzu Idi ikikaribia. Nikitoka navaa nikabu. Aliyevaa nikabu anajua ninachosema: njiani huna mdomo wa kutabasamu, huna shavu, una macho tu. Ndiyo yanayosalimu, ndiyo yanayoomba radhi, ndiyo yanayomwambia muuza samaki kwamba unatania bei. Sasa fikiria hayo macho mawili yanaanza kumtazama kila mtu kama umemfumania. Wifi yangu alikaa mwezi mzima akiamini nimemkasirikia.

Mwili ulikuwa umeanza kubadilika kabla ya macho. Joto. Tanga ina joto, hilo kila mtu analijua, lakini mimi nilikuwa natoka jasho Julai, usiku, feni inazunguka. Moyo unadunda nikiwa nimekaa. Mikono inatetemeka hata uzi hauingii kwenye tundu la sindano, nikawa namwita binti yangu anitungie. Nakula sahani mbili za wali na bado nakonda: kutoka kilo 68 nikafika 57. Mtaani mtu akikonda hivyo maneno ni yale yale, "Ameshapima huyo?" Nilikuwa nimeshapima. Mama yangu yeye alisema ni husda, akanipeleka kwa shekhe, nikasomewa na kunywa kombe. Sina neno baya juu ya hilo, dua naendelea nayo. Ila kama ningekwenda kupima damu wiki ile ile, ningeokoa miezi mingi.

Macho yalianza kama mchanga. Ukitoka ufukweni upepo wa kaskazi umekupiga, ule mchanga unaobaki chini ya kope, ndio huo, ila hautoki ukinawa. Machozi yanachuruzika nikikaa karibu na feni. Wekundu. Asubuhi kope zimevimba kama nimelia usiku kucha. Nikaenda duka la dawa, nikapewa matone ya aleji. Yakaisha, nikapewa mengine. Kisha zahanati moja, nayo ikaandika aleji. Nilitia matone miezi minne. Naomba hili ulishike: macho yote mawili yakiwa mekundu wiki baada ya wiki, hayana tongotongo, na wakati huo huo moyo unakwenda mbio au unakonda bila sababu, usinunue chupa ya tatu. Mwambie daktari akupime tezi ya shingoni.

Nikisema tezi, wengi wanafikiria tezi dume ya wanaume. Mimi nazungumzia thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo, yenye umbo la kipepeo, ndiyo inayopanga mwili uende kwa kasi gani. Ikivimba ndiyo rovu. Jirani yangu, mzaliwa wa Lushoto, aliponiona na uvimbe shingoni akasema nile chumvi yenye madini joto, maana milimani kwao rovu za zamani zilitokana na upungufu wa hayo madini. Ni kweli kabisa kwa rovu ile. Yangu ilikuwa nyingine. Shoga yangu analima mwani, akaniletea unga wa mwani ninywe kila asubuhi. Baadaye daktari alinikataza kabisa: mwani una madini joto mengi mno, na kwa tezi ambayo imeshawaka, wingi huo unaweza kuivuruga zaidi.

Aliyenigundua ni tabibu kijana, nilikwenda kwake kwa ajili ya moyo. Mapigo 124 kwa dakika. Akanitazama, akaniambia nimeze mate huku akiangalia shingo. Halafu akafanya kitu ambacho siku ile sikukielewa. Akainua kidole chake juu, akasema nikifuate kwa macho bila kusogeza kichwa, akakiteremsha taratibu mpaka usawa wa kifua. Akarudia. Akamwita mwenzake aje aone. Mboni zangu zilishuka pamoja na kidole, lakini kope za juu zilichelewa, zikabaki juu, weupe ukaonekana juu ya mboni. Hiyo ni dalili ya zamani sana, ina jina la von Graefe, daktari wa macho wa Ujerumani wa karne ya 19.

Wahenga wamesema macho hayana pazia. Mimi pazia langu lilikuwa limevutwa juu likanasa hapo. Homoni zikizidi, misuli midogo inayoinua kope hukaza muda wote. Na baadaye misuli yenyewe huvimba na kuwa migumu. Kope hazishuki mahali pake, na mtu unapepesa mara chache kuliko inavyotakiwa. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aonekane ameshtuka au ana hasira, hata jicho lenyewe halijatokeza hata kidogo. Ndiyo dalili inayowapata wengi kuliko zote katika ugonjwa huu wa macho.

Majibu ya damu yalithibitisha: homoni za thairoidi juu sana, na TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, karibu haipo. Ugonjwa wa Graves. Robert Graves alikuwa daktari wa Dublin, aliwaeleza wagonjwa wake mwaka 1835. Miaka mitano baadaye Mjerumani von Basedow, katika mji wa Merseburg, aliandika vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: rovu, macho kutokeza, na moyo kwenda mbio. Niliposoma hayo kwenye simu nikiwa kitandani nilikaa kitako. Nilikuwa navyo vyote vitatu, na mtu wa karibu miaka 200 iliyopita ambaye hajawahi kuiona Tanga alikuwa amenieleza vizuri kuliko nilivyojieleza mwenyewe.

Nikaanzishwa kabimazoli ya kupunguza homoni na propranololi ya kutuliza moyo. Nikaonywa kwamba nikipata homa na koo kuuma niache dawa na nikimbilie kupima damu siku hiyo hiyo, kwa sababu kabimazoli mara chache huangusha chembe nyeupe. Dawa zilifanya kazi. Mikono ikatulia. Kilo zikarudi. Ilipofika Agosti 2022 homoni zilikuwa sawa, na kila mtu, mimi wa kwanza, akasema alhamdulillah, yamekwisha.

Macho yakazidi.

Hapo ndipo nataka kukaa, maana hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi. Nilikuwa naambiwa, na mimi nikiamini, kwamba macho ni mkia wa tezi: tezi ikipona, yatafuata. Si hivyo. Ugonjwa huu chanzo chake ni kinga ya mwili. Kinga inatengeneza askari, kingamwili, wanaoshika kitasa kilichoko juu ya tezi na kuifungua izalishe homoni bila kipimo. Kitasa cha aina ile ile kiko pia kwenye chembe zilizo nyuma ya jicho, ndani ya mafuta na misuli inayolizungusha. Askari wakifika huko, chembe zile zinaamka. Zinatoa utelezi unaofyonza maji kama sponji, nyingine zinageuka kuwa mafuta, misuli inanenepa. Kabimazoli inapunguza homoni. Hao waliokwisha kuingia nyuma ya jicho wana safari yao. Ni lazima tezi itulizwe, kwa sababu homoni zikiwa juu au chini mno macho yanazidi kuumia, lakini kuituliza siyo kuyatibu macho. Na wapo watu wachache ambao macho huugua tezi ikiwa haijaonyesha kitu, au ikiwa imezorota badala ya kuwaka.

Daktari wa Moshi, nitamfikia, aliponieleza kwa nini jicho linatoka, nilimwambia, "Daktari, hiyo ni foronya." Huku kwetu tunajaza mito kwa sufi. Foronya imeshonwa pande tatu, imebaki mdomo mmoja. Ukizidisha sufi, mshono haupanuki. Sufi inatokea mdomoni. Jicho linakaa ndani ya kikombe cha mfupa. Mfupa hautanuki. Nyuma kuna mafuta, misuli sita, mishipa, na ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Vikivimba, mlango ni mmoja tu, mbele. Na lile nililokuwa silijui: jicho linalotokeza walau limepata pa kwenda. Lisipotokeza sana na huku nyuma kumejaa, kinachobanwa ni ule mshipa wa fahamu, na mtu anaweza kupoteza nuru bila macho yake kuonekana ya kutisha.

Machi 2023, jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, tulitoka uani watu wa nyumba nzima. Binti yangu akauona wa kwanza, akanyoosha mkono magharibi, juu ya mapaa. Nikanyanyua macho. Nikaona miezi miwili. Myembamba kama vipande vya kucha, mmoja juu ya mwenzake, umeinama kidogo. Nikafumba jicho la kulia, nikaona mmoja. Nikafumba la kushoto, nikaona mmoja. Nikayafumbua yote, miwili. Watu wakaanza kupeana mikono na kuombeana heri, mimi nimesimama nalia na hakuna aliyejua ni kwa nini. Walidhani ni furaha ya kuufikia mwezi.

Nilikuwa nimeshaanza kuona vitu viwili viwili asubuhi asubuhi, nikaviita usingizi. Kazini sikugundua kwa sababu nikiinama kwenye cherehani sindano ni moja. Ni nikinyanyua uso ndipo mteja anakuwa wawili. Msuli ulio chini ya jicho ndio unaoshikwa zaidi katika ugonjwa huu, na ukiwa mgumu unafanya kama lastiki iliyokufa: haurefuki, kwa hiyo jicho haliwezi kupanda. Jicho moja linapanda, jingine linabaki, na ubongo unapokea picha mbili. Bila kujijua nilikuwa nimeanza kutembea nimeinua kidevu. Hilo nalo mtaani lilisomwa: sasa fundi ana maringo.

Idi ilipopita tukapanda basi la Moshi, mimi na mume wangu. Segera, Korogwe, Mombo. Kila mtu anayejua njia hiyo anaipenda milima ya Usambara inavyokusindikiza. Mimi nilifunga leso jicho moja kutoka Korogwe mpaka Same, kwa sababu milima miwili, mmoja umekaa juu ya mwingine, inatapisha.

Hospitali ya KCMC, Moshi, nilikutana na daktari wa macho, dada mpole, mwenye subira. La kwanza aliloniuliza si maumivu. Aliuliza, "Mama, una picha yako ya zamani?" Nikampa simu, picha ya harusi ya mdogo wangu, 2019. Akaikuza. Akanionyesha: pale kope ya juu inafunika ukingo wa juu wa duara jeusi la jicho, kama milimita moja au mbili, ndivyo inavyotakiwa. Kisha akanipa kioo. Weupe ulikuwa unaonekana juu ya duara, macho yote. Miaka minne nilikuwa najitazama kwenye kioo kila siku na sikuuona mpaka ulipowekwa kando ya picha. Tangu siku hiyo mtu akiniambia macho yake yamebadilika, namwambia afungue picha za kitambulisho, za harusi, za mahafali.

Halafu akachukua kipimo. Mimi ni mtu wa tepu, napima mabega na viuno vya watu kutwa. Siku ile nikapimwa mimi, kwa milimita. Kipimo cha Hertel kinakaa kwenye mifupa ya pembeni mwa macho, kina vioo, na daktari anasoma jicho limetokeza kiasi gani. Akaandika 23 kulia, 26 kushoto. Nikauliza inayotakiwa ni ngapi. Akasema hapo vitabu vinahitaji kusomwa kwa akili, kwa sababu sisi watu weusi macho yetu kwa asili hutokeza zaidi kuliko ya Wazungu, na ya Wazungu zaidi kuliko ya Wachina. Namba ya kutisha huko inaweza kuwa ya kawaida hapa. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya jicho na jicho, na tofauti kati ya leo na miezi mitatu ijayo. Nilimwelewa mara moja. Kipimo cha mtu hukilinganishi na cha jirani yake.

Akaniuliza na kunitazama mambo saba. Nasikia maumivu nyuma ya jicho hata nikiwa nimetulia? Ndiyo. Nikizungusha macho? Ndiyo. Kope nyekundu? Hapana. Weupe wa jicho mwekundu? Ndiyo. Kope zimevimba? Ndiyo. Ule utando juu ya weupe umejaa maji? Ndiyo. Kile kinundu chekundu cha kona ya pua kimevimba? Hapana. Tano kati ya saba. Tatu zinatosha kusema moto bado unawaka. Akachora kwa kalamu nyuma ya bahasha mstari unaopanda kama kilima, ukawa bapa juu, kisha ukashuka kidogo tu na kubaki hapo. Alisema daktari mmoja aitwaye Rundle alichora hivyo miaka ya 1940 na mpaka leo unafuata. Kupanda huchukua miezi, mara nyingi hadi mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi. Dawa za kuzima moto zinafaa ukiwa unapanda. Ukishafika bapa, uvimbe umeganda kuwa kovu, na dawa haiyeyushi kovu. Nikamwuliza mimi niko wapi kwenye kilima. Akaweka nukta karibu na kilele. Akasema, "Umechelewa, lakini hujachelewa kabisa."

Mwisho akachukua chupa ya matone yenye kifuniko chekundu, akanionyesha jicho moja moja. "Wekundu ni ule ule?" Kulia ulikuwa mwekundu wa damu. Kushoto nao, ila nilisita. Akanionyesha tena, akanipa na kitabu cha vidoadoa vya rangi. Kushoto kulikuwa na upungufu mdogo. Mshipa wa fahamu ukibanwa, wekundu ndio hufifia mapema, hata kabla hujashindwa kusoma. Hilo huwapata wachache, kama watano katika mia, lakini ndilo linaloweza kuondoa nuru na halingoji kliniki ya mwezi ujao. Nikaingia kwenye kipimo cha CT siku ile ile. Misuli yangu ilionekana kama ndizi, imenenepa tumboni, ncha nyembamba. Mshipa ulikuwa bado una nafasi. Alhamdulillah.

Nikaanza dawa hizo za kuzima moto, sindano za steroidi za mshipani, methailipredinisoloni, mara moja kwa wiki kwa wiki 12: miligramu 500 kwa wiki sita za mwanzo, 250 kwa sita za mwisho. Mbili Moshi, zilizobaki Tanga kwa barua ya daktari. Kila wiki kabla ya dripu wananipima sukari na presha, na ini kila baada ya muda. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Usiku wa sindano silali, nakata vitambaa mpaka alfajiri. Sukari ilipanda wiki ya tano, nikaacha mihogo na chai ya sukari mpaka dozi ilipokwisha. Uso ukawa duara. Lakini wiki ya tatu niliamka asubuhi nikayazungusha macho na hayakuuma, nikakaa kitandani nikiyazungusha tena na tena.

Daktari alinipa maagizo mawili mengine. La kwanza lilihusu tezi: nilikuwa nimeshauriwa huku nyumbani kwenda kunywa dawa ya mionzi ya iodini ili kuimaliza moja kwa moja. Ni tiba nzuri, wengi imewafaa, lakini macho yakiwa yanawaka inaweza kuyazidisha, na ikibidi itolewe basi kwa kinga ya steroidi. Tukaamua kubaki na vidonge kwanza. Mgonjwa mwenzangu, kabla ya kunywa dawa hiyo, uliza mtu ameyatazama macho yako?

La pili alilielekeza kwa mume wangu. Mimi sivuti. Yeye alikuwa anavuta, pakiti kwa siku, barazani na ndani. Daktari akamwambia kwa heshima, bila kumvunjia uso: sigara ndilo jambo kubwa zaidi ambalo mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kulibadilisha. Mwenye Graves anayevuta ana hatari kubwa zaidi ya macho kushikwa, akishikwa huwa makali, na dawa humsaidia kidogo. Na moshi wa mtu mwingine ndani ya nyumba nao si wa kuuvuta. Kwenye basi la kurudi hakusema kitu mpaka Mombo. Pale tuliposhuka kula, akatoa pakiti mfukoni, akaiweka kwenye meza ya mama ntilie, tukaondoka bila hiyo. Tumeoana miaka kumi na tisa. Ameshaniletea vitenge vingi na dhahabu mara mbili. Hakuna alichonipa kikubwa kuliko kile.

Nyumbani kulikuwa na kazi za usiku. Binti yangu ndiye aliyeniambia, "Mama, unalala macho wazi." Kope hazikutani, kioo cha jicho kinakauka mpaka asubuhi, na kikikauka sana kinachubuka na kuweza kupata kidonda. Kwa hiyo matone ya machozi ya bandia mchana, kila saa kama ikibidi, jeli nzito usiku, na plasta laini kuzifunga kope. Mito mitatu ili kichwa kiwe juu, maji yasituame nyuma ya macho. Ndiyo maana asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya. Wanja nikauweka kando. Miwani ya jua njiani. Kuna na vidonge vya madini ya seleniamu, hutolewa kwa miezi sita kwa wale ambao macho ndiyo kwanza yanaanza na si makali. Mimi kituo hicho nilikuwa nimeshakipita nikiwa natia matone ya aleji.

Binamu yangu aliye Muscat alinitumia habari ya dawa mpya, teprotumumabu, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2020. Dripu nane, moja kila wiki tatu, na watu macho yao yanarudi ndani bila kisu. Nilimwonyesha daktari. Akasema ni kweli inarudisha macho kwa wengi, na pia inaweza kugusa usikivu na kupandisha sukari, na bei yake ni ya watu wenye bima za huko. Nilihuzunika siku mbili. Sitaki kusema sikuhuzunika. Natamani siku moja iwe dawa ambayo fundi wa Ngamiani anaweza kuandikiwa.

Agosti 2023 nilipomaliza, kipimo kilisoma 22 na 24. Wekundu umeondoka, maumivu yameondoka, rangi sawa macho yote. Kilichobaki ni mwezi wa angani: nikinyanyua uso bado naona miwili. Nikawekewa kwenye miwani plastiki nyembamba yenye mistari inayopinda mwanga, picha mbili zikakaribiana zikawa moja mbele, ingawa juu kabisa bado zinaachana. Ukitazama kwa mbali huioni. Ukiwa karibu unaona kama kioo kina ukungu.

Upasuaji unawezekana, na una mpangilio wake. Isipokuwa ule mshipa wa fahamu umebanwa, hakuna anayekata mpaka macho yametulia bila kubadilika kwa miezi sita, kwa sababu ukishona kitambaa ambacho bado kinasinyaa, nguo itapinda. Kwanza mfupa, kwa anayehitaji: wanafungua ukuta wa kikombe ili kilichojaa kipate nafasi. Kisha misuli, ili macho yatazame pamoja. Mwisho kope. Ukianza na kope, zitaharibika utakapogusa misuli. Hata sisi hatuweki kola kabla ya kuunga mabega. Mimi mfupa sihitaji. Misuli nimeandikiwa, nangoja zamu.

Baada ya picha ile ya 2019, nimeanza kuwauliza wateja ninaowapima. Mtu anasimama mbele yangu, tepu iko shingoni kwake, na shingo naijua: nilishona kola ya huyu mwaka jana, mwaka huu imembana huku kiuno kimepungua sentimita nane. Namwuliza taratibu kama moyo unamwenda mbio. Wawili nimewapeleka kupima mwenyewe. Mmoja majibu yake yalikuwa safi. Mwingine ameanza dawa mwezi wa nne, na macho yake yametazamwa na daktari wa macho tangu wiki ya kwanza.

Na kila usiku, kabla ya plasta, bado tunafanya kile alichofanya daktari na kifuniko. Binti yangu anachukua kibiringo cha uzi mwekundu mezani, ule wa sare za shule, anasimama chini ya taa. Mimi naziba jicho moja kwa kiganja.

"Kulia, Mama?"

"Mwekundu."

"Kushoto?"

Natazama vizuri, siharakishi.

"Mwekundu vile vile."

Anaweka kibiringo mahali pake, anazima taa.